Jani Tamu Nyumbani kwa Baba

Chai ya kwetu haipikwi kwa kikombe, inapikwa kwa sufuria. Maji, maziwa, majani ya chai na sukari vinaingia pamoja, vinachemka pamoja, vinamiminwa kwenye chupa pamoja, na yeyote atakayefika kuanzia asubuhi mpaka jioni anakunywa kilichomo. Kumwekea mgeni bakuli la sukari ajipimie mwenyewe ni mambo ya hotelini. Ndiyo maana siku baba alipoambiwa ana kisukari, habari ile haikumhusu yeye peke yake. Ilihusu sufuria nzima.

Baba alikuwa akiishi Bonga, kando ya barabara ya kwenda Dodoma, kwenye shamba alilolifungua mwenyewe aliposhuka kutoka milima ya Mbulu akiwa kijana. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, tukamzika nyuma ya nyumba, upande wa mbaazi. Watoto tuliobaki ni wawili. Dada yangu mkubwa yuko Arusha, anafanya kazi ya ofisini. Mimi nauza viatu vya mtumba sokoni hapa Babati mjini na naishi Mutuka na wanangu. Dada alipata elimu, mimi nikapata mdomo. Katika ukoo wetu vitu vimekuwa vikigawanywa hivyo, na sijawahi kusikia mtu akilalamika.

Kliniki, nesi alipompima baba mara ya kwanza alikunja uso, akachagua kidole kingine, akapima tena. Nilimpenda hapo hapo, maana mimi pia kila kitu nakihesabu mara mbili. Namba ilikataa kushuka.

"Anahamia kwako," dada alisema kwenye simu jioni ile. "Wewe uko mjini, hospitali iko karibu. Mimi nitatuma matumizi."

"Hataki."

"Nani kamuuliza?"

"Nimemuuliza mimi. Anasema akihama, nani atabaki na mama."

Dada akasema polepole, "Mama amekufa, mdogo wangu."

"Anajua. Kaburi analipalilia yeye."

Nimepatana bei na watu wa kila namna. Nimepatana na askari aliyetaka buti moja kwa sababu mguu wa pili ulikuwa kwenye plasta. Lakini sijapata kuvutana na mtu kama nilivyovutana na dada jioni ile. Yeye alianza na wiki ijayo. Mimi nikaanza na asihame kabisa. Tukashuka, tukapanda, simu ikakata, tukapigiana tena. Mwisho tukaelewana: baba abaki Bonga, ila sukari yake ikipanda tena, au akianguka hata mara moja, analetwa kwangu bila mjadala. Ilikuwa biashara mbaya, lakini muuzaji mwingine hakuwepo. Tangu siku hiyo kila kikombe alichokunywa baba kilikuwa kinaamua atalala wapi.

Jumamosi dada akaja mwenyewe. Akafungua kabati, akafungua makopo, akaondoka na sukari yote iliyokuwamo ndani, hata ile iliyoganda kwenye mtungi wa uji. Baba alimsindikiza mpaka kwenye gari. Gari lilipoondoka akaniuliza, "Amesahau chumvi, au atairudia?"

Shida ilianza Alhamisi, jumuiya ya kanisani ilipokuja kusali kwake. Baba alikuwa mtu wa kupokea jumuiya. Mama alipokuwa hai, sala ikimalizika watu walikuwa wanabaki kwenye mkeka wanapiga stori mpaka kuku wanaingia bandani, na chupa za chai zilikuwa zinajazwa tena na tena. Alhamisi ile nilipika chai mwenyewe, maziwa mengi, tangawizi, sukari hakuna. Nikamimina. Watu wakanywa funda la kwanza, wakatazamana.

"Baba," mama mmoja akasema kwa upole, "hii chai ina msiba?"

Walicheka, hata baba alicheka. Lakini nilimwona mama mwingine akifungua fundo kwenye kona ya kitenge chake, akatoa karatasi yenye sukari, akatia kwenye kikombe chake akikoroga kwa siri, na baba naye akamwona. Mtu aliyetoka kwake na sukari yake, akaja nayo mpaka nyumbani kwa mwenzake. Walipoondoka baba aliosha vikombe mwenyewe, kazi ambayo hakuwa akiifanya.

"Wiki ijayo wasali kwingine," akaniambia. "Mimi sina tena cha kuwapa watu."

Aliyebaki akija ni rafiki yake mmoja tu. Huyu alikuwa mzee mfugaji aliyetoka tambarare za chini ya mlima Hanang, akanunua kiwanja jirani na baba, akaja na ng'ombe wake. Kila jioni alileta maziwa kwenye kibuyu, wakanywa chai pamoja na kutukanana. Watu wa kwao na watu wa kwetu walipigana zamani, na wale wazee wawili walikuwa wakiiendeleza vita hiyo kwa vikombe.

"Babu zako waliiba ng'ombe wetu," baba alikuwa anamwambia. "Haya maziwa ni riba tu. Ng'ombe wenyewe bado."

"Hatukuiba. Ng'ombe walituona, wakatufuata. Hata ng'ombe anamjua bwana wake."

"Kunywa chai."

"Hii siyo chai, mzee mwenzangu. Hii nilipewa utotoni ya minyoo."

Lakini aliinywa, kila jioni, kikombe kizima. Nami nilimheshimu kwa hilo kuliko nilivyomwonyesha.

Habari za stevia nilizipata kibandani kwangu. Mama mmoja alikuja kutafuta viatu vipana, miguu yake ilikuwa imevimba, tukaanza kuongea habari za kisukari, na akaniambia kuna majani ambayo ni matamu yenyewe, unachemsha na chai, sukari haina kazi. Siku iliyofuata nikamkuta kijana anayetembeza miche barabarani. Nilimuuliza kama anayo. Akasema anayo, kwa haraka ya mtu ambaye angesema anayo hata ningemuuliza mche wa chumvi. Nilimshusha bei mpaka nikamwonea huruma. Nikapanda bodaboda mpaka Bonga na miche yangu, baba akachuma jani, akatafuna, akatema.

"Umeninunulia magugu."

"Tafuna vizuri."

"Nimelima magugu miaka yote, nayajua kwa ladha."

Mbuzi wa jirani akayala jioni ile na hakuonyesha kufurahi. Nilipomsimulia nesi kliniki nikidhani atacheka, alinikaripia mbele ya watu. "Jani usilolijua unampa mgonjwa atafune? Je, lingekuwa sumu?" Ni mara chache mtu ananikuta sina jibu, nadhani nesi mwenyewe hakujua bahati aliyoipata.

Mara ya pili nilikwenda Singe kwa mama mwenye kitalu cha kweli, mwenye vivuli vya neti na miche iliyopangwa kwa aina. Akanionyesha stevia: mmea mdogo, majani membamba yenye meno pembeni, hauna sura ya kumtisha mtu.

"Tafuna wewe kwanza," nikamwambia.

"Mimi?"

"Wewe ndiye unayeuza."

Alicheka, akachuma, akatafuna, akameza, akasimama mbele yangu mikono kiunoni. Nikasubiri. Alipoendelea kuwa hai nikachuma la kwangu. Utamu haukuja mara moja. Ulichelewa, kisha ukapanda, ukakaa ulimini muda mrefu kuliko sukari, na mwishoni ukaacha uchungu kidogo. Nikatamani mama angekuwapo aonje. Sikupatana bei vizuri siku ile, na yule mama mpaka leo anadhani mimi ni mtu mpole.

Kabla ya kuupeleka mche Bonga, nilimpitisha baba kliniki, na rafiki yake akatusindikiza kama kawaida yake. Nesi aliutazama mche, akamtazama baba. Akasema sawa, anaweza kutumia, lakini kidogo, majani mawili kwa kikombe, si kila saa. Jani hili si dawa ya kisukari. Hili ni la kumsaidia aachane na sukari. Vidonge viendelee vilevile. Na kwa kuwa anameza pia dawa za presha, akisikia kizunguzungu aache majani, aje apimwe. Kisha akatoa onyo jingine, akihesabu kwa vidole: akianza kutetemeka, kulowa jasho, kuongea ovyo, hiyo ni sukari imeshuka sana, nayo inaua haraka kuliko iliyopanda. Apewe sukari upesi, apewe akiwa bado anaweza kumeza, halafu aletwe hospitali.

"Sukari ipi?" baba akauliza. "Iko Arusha."

Tulicheka wote wanne, nesi akiwamo.

Baba aliushika ule mche kama alivyoshika kila kitu shambani, bila kuuongelesha na bila kuusahau. Alitoboa ndoo za rangi chini, akajaza udongo mwepesi na samadi iliyooza, akazipanga ukutani jikoni zipate jua la asubuhi. Alimwagilia kidogo kidogo, maana ukizidisha maji mizizi inaoza, na ukiuacha ukauke haukusamehe. Aliukata ncha ili utoe matawi. Ncha zile hakuzitupa. Alizichomeka kwenye mchanga wenye unyevu, akazifunika kwa chupa ya maji iliyokatwa, na nyingi zilishika. Mbegu alijaribu mara moja, zikamdharau. Alijua mwenyewe kwamba jani ni tamu zaidi kabla ya maua, kwa hiyo maua yakichungulia tu alikuwa anavuna. Aliosha, akatandaza kwenye ungo kivulini penye upepo, akayaweka makavu kwenye kopo lenye kifuniko. Baada ya muda ukuta wa jiko ulikuwa kijani kutoka mlango mpaka kona.

Na chai ikarudi. Jani lile linachemka humohumo kwenye sufuria, pamoja na maziwa, hakuna wa kujipimia pembeni. Jumuiya ilirudi. Yule mama wa kitenge alikunywa, akatulia, akasema, "Baba, umerudia sukari!" Baba akampeleka jikoni akamwonyesha kabati tupu, kwa fahari kama mtu anayeonyesha ghala lililojaa.

Mimi nilikuwa nikienda kila Jumapili baada ya misa, na kabla ya kukaa nahesabu vidonge vyake. Halafu nahesabu tena.

"Mimi siyo mteja wako," baba alisema. "Sitakuibia."

"Shikamoo kwanza, baba."

"Marahaba. Vimetimia?"

"Vimetimia."

"Hesabu tena, huenda vimezaana."

Watu wakaanza kuja kuomba miche. Baba alitoa, ila kila aliyepewa alisomewa masharti: jani si dawa, usiache vidonge. Kuna bwana mmoja alirudi baada ya muda akiwa na furaha, akatangaza kwamba tangu aanze majani ameviacha vidonge vyote, amepona. Baba alivaa viatu, akamfuata mpaka kwake, akaung'oa mche, akarudi nao Bonga ukining'inia mkononi. Rafiki yake alimpigia makofi barabarani.

"Umeona? Hata wewe unajua kuchukua mali ya watu!"

Kipimo kilishuka. Kilishuka tena mwezi uliofuata. Nilimpigia dada, nikamsomea namba, naye akaniomba nimsomee upya. Hapo nikajua kweli tumetoka tumbo moja. "Haya," akasema. "Abaki." Nilikaa kibandani na simu mkononi, mteja ananiuliza bei ya raba, mimi sisikii. Baba alikuwa amebaki nyumbani kwake. Nilidhani hivyo ndivyo mambo yanavyoisha.

Kiangazi kikaingia. Nyasi ziliisha, na yule mzee mfugaji akawakabidhi wanawe ng'ombe wawapeleke mbali kwenye malisho, akabaki yeye na mbwa. Kwa hiyo maziwa yakakoma, chai ikawa ya rangi. Ndio wakati wa kuvuna mbaazi pia. Baba hakuwa mtu wa kungoja vibarua mbaazi zikiwa zinapasuka shambani. Asubuhi moja alimeza vidonge vyake kama alivyoambiwa, akakusudia kula akirudi, akaenda kukata. Kurudi kukachelewa.

Rafiki yake ndiye aliyemkuta, amekaa chini katikati ya mbaazi alizokata, shati limelowa, mikono inacheza. Alimsalimia, baba akamjibu kwa Kimbulu, kwa hasira, kama anamfukuza mtu mwingine. Mzee yule alielewa mara moja. Alikuwapo kliniki, alisikia, na kichwa chake hakikupoteza kitu. Akamwinua, akamkokota mpaka ndani, akamweka kwenye kiti. Sukari upesi, akiwa bado anaweza kumeza. Akafungua kabati. Hakuna. Mtungi, hakuna. Naye alijua hakuna, kwa sababu alikuwapo pia dada alipoiondoa.

Lakini palikuwa na kopo la majani. Kila mtu Bonga alijua jani moja linashinda kijiko cha sukari kwa utamu. Akili yake ikafanya hesabu ambayo yangu pia ingeifanya. Alichemsha maji kwa kuni ndogo ndogo ziwake haraka, akatia kiganja kizima, akapooza kwa kumimina toka kikombe hiki kwenda kile, akamnywesha. Baba alikunywa. Akamngoja apate nafuu. Hakupata. Akaona hakuzidisha vya kutosha, akachemsha tena, akatia viganja viwili. Duka la barabarani, lenye sukari, soda na biskuti, lilikuwa umbali wa mtu kuitwa akaitika.

Alinipigia nikiwa nafungua belo la viatu.

"Binti yangu, baba yako sukari imeshuka. Nimeshampa. Amekunywa vikombe vitatu. Ni tamu inachoma koo. Lakini haamki vizuri."

"Umempa sukari?"

"Nimempa majani yake."

Sijui nilisema nini. Yeye anasema nilipiga kelele mpaka akaitoa simu sikioni. Ninachokumbuka ni kumwambia asimmiminie tena kitu mdomoni, amlaze ubavu, aite gari. Bajaji iliwachukua. Nilifika hospitali nikiwa na kiatu kimoja cha kike mkononi, sijui cha nani, na baba alikuwa tayari ametundikiwa dripu.

Daktari alikuwa mtu wa kuongea taratibu. Alinieleza huku akiandika: utamu wa jani lile ni wa ulimi tu. Mdomo unaupata, damu haiupati. Ndiyo maana ni zuri kwa mtu ambaye sukari yake inapanda, na ndiyo maana halina faida hata kidogo ikishuka. Kijiko kimoja cha sukari ya dukani kingemwinua. Hata maziwa, akasema, yangemsogeza kidogo. Hapo nikamwomba aishie hapo.

Mzee mfugaji alikuwa amekaa kwenye benchi nje, fimbo katikati ya magoti, shuka lake lina majani makavu ya mbaazi. Nilikaa karibu naye. Nilimweleza kama nilivyoelezwa.

"Kwa hiyo nilimpa sumu," akasema.

"Si sumu, mzee."

"Basi nilimpa maji."

Sikuweza kumdanganya.

"Nilikaa namtazama," akasema. "Anakunywa, mimi namtazama usoni, nasema sasa, sasa hivi. Nilikuwa na pesa ya soda mfukoni, binti yangu. Ilikuwa humu." Akagusa mfuko.

Baba aliamka siku ya pili. Alituita wote kwa majina na nikamshukuru Mungu mapema mno. Baada ya siku kadhaa tukaanza kuona kilichopungua; ubongo, daktari akasema, ulikaa muda mrefu bila sukari. Alikuwa anaanza sentensi vizuri, halafu anaiacha katikati kama jembe lililosahauliwa shambani. Aliuliza chai, akaletewa, akanywa, akauliza chai. Siku tuliyomrudisha Bonga kutoka hospitali, aliwasha moto jikoni akatoka nje, na tulipoingia kitambaa cha kushikia sufuria kilikuwa kinawaka.

Dada alikuwapo, alikuwa ameomba ruhusa kazini. Alikizima kwa maji ya ndoo, akasimama pale moshini. Nilijua atasema nini na nilikuwa nimejiandaa. Tangu hospitali nilikuwa natunga maneno, nitaanzia wapi, nitashukia wapi. Lakini hakusema. Alinitazama tu, macho yamejaa. Angenikaripia, angenitajia makubaliano yetu, ningempa jibu. Nikaingia chumbani nikaanza kukunja mashati ya baba.

Majani naendelea kuyaotesha. Nilihamisha ndoo chache Mutuka, naye baba anamwagilia akikumbuka na akisahau, kwa hiyo namwagilia pia. Sufuria yangu sasa ni ya majani mawili kwa kikombe. Na juu ya kabati fupi, mahali ambapo hata mtoto anafikia, kuna kopo la sukari lenye kijiko ndani, na kila anayeingia kukaa na baba namwonyesha: hili la majani ni la chai, lile la sukari ni la kumwokoa, usibadilishe. Wanaoomba miche nawasimulia yote kabla sijawapa. Wengine wakisikia wanaacha. Siwalazimishi. Dada alinipigia mwezi uliopita kuniambia ametafuta mpangaji wa nyumba ya Bonga, mtu mwenye familia, atalinda kaburi. Nikasema sawa. Hata bei sikuuliza.

Rafiki wa baba huja Mutuka akipata usafiri. Wanakaa. Hawatukanani tena. Baba humwambia, "Babu zako..." halafu anapotea, na yule mzee humalizia mwenyewe, "Waliiba, ndiyo, waliiba. Tutarudisha."

Ila kuna jambo moja baba hajalisahau hata siku moja. Hajaingia kwangu bila kupiga hodi. Akitoka kwenda chooni uani, akirudi anasimama mlangoni, anavua kofia, "Hodi humu." Mwanzoni wanangu walicheka. "Babu, si kwako hapa?" Naye aliwajibu kwa adabu, "Hapa ni kwa binti yangu." Na hasogei mpaka aitikiwe.

Juzi nilifunga kibanda mapema kwa sababu ya mvua. Nilimkuta amesimama nje ya mlango ulio wazi, chini ya paa lisilotosha, bega moja limelowa. Ndani redio ilikuwa juu, binti yangu anafua anaimba, hakumsikia. Sijui alikuwa amesimama hapo muda gani, na mara hii sikutaka kuhesabu.

"Baba, shikamoo. Ingia ndani, unalowa."

"Marahaba. Hawajaitika," akasema. "Huenda wana mgeni."

Nikaweka mzigo chini. Nikasimama kando yake, bega langu upande wa mvua, tukapiga hodi wote wawili.